Wati 15, Saa 24

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wapenzi wa gemu na programu huria. Walioikosa wameniomba niiweke yote, nami nimeiweka kama nilivyoisema, mizaha ikiwemo. Picha za ukutani nimeziacha. Zilikuwa magari mazuri tu, hazikuongeza neno.

*

Mwenyekiti, ndugu zangu wa viti vya mbele, na nyinyi mliojibanza kule nyuma karibu na soketi za umeme (nawaona, na najua kilichowapeleka huko), asanteni kwa kunipa nafasi.

Naomba nianze na dakika tatu.

Mwaka ni 2016, mahali ni Le Mans, Ufaransa. Mbio za saa 24. Toyota namba 5 inaongoza, na kwenye usukani yuko Kazuki Nakajima. Zimebaki kama dakika tatu. Toyota walikuwa wakizisaka mbio hizi tangu miaka ya 1980 na hawakuwa wamewahi kuzishinda hata mara moja. Hata mara moja! Mafundi wameshaanza kukumbatiana. Ghafla Nakajima anaita kwenye redio kwamba gari halina nguvu. Gari linapungua mwendo, linapungua, linapungua, kisha linasimama kwenye mstari ule ule wa kumalizia, mbele ya macho ya watu wake. Porsche namba 2 inalipita. Kwisha habari.

Nakajima alifaulu kuliwasha tena akajikokota hadi mwisho. Lakini mzunguko huo ulimchukua zaidi ya dakika 11, na kanuni ilisema mzunguko wa mwisho usizidi dakika 6. Kwa hiyo baada ya kukesha, baada ya kuongoza, hawakupewa nafasi ya pili wala ya tatu. Hawakuhesabiwa kabisa miongoni mwa waliomaliza.

Ni nini kilichoharibika? Injini? La. Gia? La. Ni kiungio kwenye bomba la hewa, kati ya turbo na kipozeo chake. Kiungio cha bomba, ndugu zangu.

Mimi siku ile nilikuwa nimekaa mbele ya skrini tangu alfajiri. Sikulia. Niliinuka tu nikaenda kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Sasa kuna mtu hapa anajiuliza: huyu si aliitwa kuzungumzia kompyuta za kiganjani? Ndiyo, na ndizo ninazozungumzia. Kwa sababu tangu nilipoanza kucheza gemu za magari kwenye mashine ndogo inayoendeshwa na Linux, mfumo endeshi huria, sijaweza tena kuvitenganisha vitu hivi viwili. Mbio za masafa na kompyuta ya kiganjani zina masharti yale yale: unapewa kiasi fulani cha nishati, unapewa joto la kupambana nalo, na unatakiwa ufike. Gari kali lisilofika ni hadithi ya kusikitisha tu. Na atakayekuokoa njiani ni uwezo wa kufungua boneti ukatazama ndani.

Tuanze na nishati.

Tazameni mashine zile sita pale mezani. Ni Steam Deck, kompyuta za kiganjani za kampuni ya Valve, za toleo la kwanza, lile lililoanza kuwafikia watu mwisho wa Februari 2022. Ndani yake mna chipu moja ya AMD inayofanya kazi zote, ya hesabu na ya michoro, na chipu hiyo imepewa kati ya wati 4 na wati 15. Wati 15! Kuna kadi za michoro za kompyuta za mezani ambazo peke yake moja inakula zaidi ya wati 300. Betri yenyewe ni ya wati-saa 40. Hesabu yake haihitaji profesa: mashine nzima ikila wati 20, una saa mbili. Ikila 10, una saa nne. Hapo hakuna uchawi wala maombi.

Mimi hesabu hiyo niliijua lakini sikuiamini. Wiki ya kwanza niliingia kwenye mbio za dakika 90, nikaweka kila kitu juu: vivuli juu, mwakisiko wa taa kwenye lami juu, watazamaji jukwaani nikawataka hadi nyuso zao. Feni ikaanza kuimba. Mgongo wa mashine ukapata joto la kikombe cha chai. Onyo la betri likatokea, nikaliondoa kwa kidole kama mtu anayefukuza nzi. Nilikuwa wa tatu, ndugu zangu. Wa tatu, nimebakiza mizunguko miwili, naingia kwenye kona ya kulia, skrini ikawa nyeusi. Nikauona uso wangu mwenyewe kwenye kioo, mdomo wazi.

Nani wa kulaumiwa? Betri? Mimi ndiye niliyekuwa dereva.

Kesho yake nikarudia mbio zile zile. Safari hii nikabonyeza kile kitufe chenye nukta tatu upande wa kulia, nikashusha chipu hadi wati 8, nikafunga gemu kwenye fremu, yaani picha, 40 kwa sekunde, na skrini nayo nikaiweka kwenye 40. Mbona 40? Swali zuri, na jibu lake ni tamu. Watu hudhani 40 iko karibu na 30 kuliko 60. Kwa idadi ya fremu, ndiyo. Lakini mkono wako hauhesabu fremu, unahisi muda. Kwenye 30, kila fremu inakaa milisekunde 33.3. Kwenye 60, inakaa 16.7. Kwenye 40, inakaa 25, na 25 iko katikati kabisa ya hizo mbili. Umelipa theluthi moja tu ya fremu za ziada ukapata nusu ya ulaini. Hiyo ndiyo biashara nzuri kuliko zote kwenye mashine hii, na nilimaliza mbio nikiwa na chaji ya kutosha kurudia tena.

Madereva wa masafa wanaijua biashara hiyo kwa jina lingine. Wao huachia mafuta mapema. Badala ya kukanyaga hadi dakika ya mwisho kisha kuvamia breki, dereva anaondoa mguu mita kadhaa kabla, gari linateleza lenyewe kuelekea kwenye kona, ndipo anagusa breki. Kwenye kona hiyo moja anapoteza muda mdogo mno. Lakini anarudia kona baada ya kona, na mwishowe anachelewa kuingia kujaza mafuta kuliko mwenzake. Kwenye Hypercar, daraja la juu kabisa la leo, mambo yamebana zaidi: kila gari lina kiwango cha nishati linachoruhusiwa kutumia kati ya kituo na kituo, na vipimo vimefungwa kwenye mihimili inayozungusha magurudumu kuhesabu kila kinachotoka. Huwezi kudanganya mhimili.

Mnakumbuka Audi ya mwaka 2006? Walileta gari la dizeli Le Mans, R10 TDI, watu wakacheka kidogo. Dizeli ni ya malori, walisema. Gari likapita mbele ya jukwaa kimya, bila zile kelele za kupasua masikio, likashinda. La kwanza la dizeli kushinda mbio zile. Kelele ni nishati inayotoroka, nami tangu hapo feni yangu ikianza kuimba huwa najua kuna kitu ninachokilipia bila sababu.

Na hapa niseme jambo moja la upande. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Nakubali. Lakini anayeshinda mbio bado ni mwenye kasi, jamani. Tusije tukatoka hapa tukidhani siri ni kwenda pole. Siri ni kujua wapi kasi inalipa.

La pili ni dogo, nitalipitia haraka: daraja lako.

Le Mans wanakimbia magari ya madaraja matatu kwa pamoja. Kuna Hypercar, kuna LMP2, yaliyojengwa kwa mbio tu lakini chini kidogo ya hayo, na kuna LMGT3, ambayo yanafanana na magari mnayoyaona barabarani. Yote kwenye lami moja, kilomita 13.626, mchana na usiku. Na katika LMGT3 kila gari linatakiwa liwe na dereva wa daraja la shaba, yaani mtu ambaye kazi yake ya mkate ni nyingine. Taa za Hypercar zinapomjia kwenye kioo usiku, anafanya nini? Hafanyi chochote. Anashika mstari wake, haparamii kushoto wala kulia, na mwenye gari la kasi ndiye mwenye jukumu la kutafuta njia. Wanaosababisha ajali ni wale wanaotaka kuonyesha kwamba na wao wamo.

Mpwa wangu aliichukua mashine yangu akaweka kila kitu mahali pa mwisho kulia, akapata fremu 14, akanirudishia akisema mbovu. Nikamuuliza: skrini hii ina nukta ngapi? Ni 1280 kwa 800, kama milioni moja na kitu. Skrini kubwa ya 4K ina nukta zaidi ya milioni nane. Mara nane! Wewe umepewa kazi ndogo mara nane, kwa nini unajitwisha mzigo wa mwenzako? Kwenye inchi saba, kivuli cha daraja la kati na kivuli cha daraja la juu hakuna mtu anayevitofautisha akiwa anakimbia kilomita 280 kwa saa. Alinikatalia. Nikamficha majina ya mipangilio, nikamwambia achague picha nzuri. Akachagua ya kati. Mara mbili.

Sasa tuje kwenye lile ninalolipenda kuliko yote. Tuzungumzie mkalimani.

Gemu nyingi mnazozicheza ziliandikwa kwa ajili ya Windows. Gemu inaposema "nichoree pembetatu hizi", inasema kwa lugha ya Direct3D. Linux haiijui lugha hiyo. Chipu yake ya michoro inaelewa Vulkan. Kati yao hakuna uhasama, ni lugha tu. Kwa hiyo kinatakiwa kitu cha katikati, kinachosikia upande huu na kusema upande ule, papo hapo, mara elfu kadhaa kwa kila fremu, na fremu nzima ina milisekunde 25. Umewahi kumwona mkalimani mzuri akifanya kazi? Hasubiri sentensi iishe.

Mkalimani huyo ana historia ndefu. Mradi wa Wine, wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux, ulianza mwaka 1993. Miaka na miaka watu waliucheka: leo unafungua kikokotoo, kesho hakifunguki. Waandishi wake wakaendelea, kipande kwa kipande. Mwaka 2015 yakaja makompyuta ya sebuleni yaliyoitwa Steam Machine, yakiwa na Linux ndani, na matumaini yakapanda. Tatizo lilikuwa moja: wakati ule walitegemea watengenezaji waandike gemu upya kwa ajili ya Linux, na wengi hawakuandika. Mashine zikapotea polepole. Mimi mwenyewe nilisema basi, imekufa hii.

Kisha mtu mmoja, Philip Rebohle, alitaka kucheza gemu moja iliyokuwa haichezeki kwenye Linux. Moja tu. Hakuandika malalamiko. Aliandika DXVK, kipande kinachotafsiri Direct3D kwenda Vulkan, akauweka msimbo wazi. Agosti 2018 Valve wakatoa Proton: ni Wine, ni DXVK, na marekebisho mengine mengi, vikiwa vimefungwa pamoja hivi kwamba mchezaji anabonyeza kitufe kimoja tu. Na Proton nayo iko wazi. Steam Deck ilipokuja 2022, haikumwomba mtengenezaji aandike upya. Ilimletea mkalimani.

Hesabuni miaka. Kutoka 1993 hadi 2018 ni miaka 25. Hapo ndipo ninapomkumbuka Jacky Ickx.

Zamani Le Mans ilianza kwa madereva kusimama upande mmoja wa barabara na magari upande wa pili. Bendera ikishuka, wanakimbia, wanaruka ndani, wanaondoka. Ilipendeza kwa macho. Lakini mikanda ya usalama ilipoingia, mtu anayetaka kuwahi alikuwa anaondoka kabla hajajifunga. Mwaka 1969 Ickx alikataa. Bendera ikashuka, wenzake wakatimua mbio, yeye akatembea. Akatembea! Akafika kwenye Ford GT40 yake, akakaa, akafunga mkanda vizuri, akaondoka wa mwisho. Na katika mzunguko huo huo wa kwanza, dereva John Woolfe alipata ajali, akarushwa nje ya gari lake, akafariki.

Baada ya saa 24, Ickx na mwenzake Jackie Oliver waliishinda Porsche ya Hans Herrmann kwa umbali wa kama mita 120. Saa 24, na tofauti ni urefu wa uwanja wa mpira na kidogo juu yake. Mwaka uliofuata madereva walianza mbio wakiwa wamekaa ndani, wamefungwa mikanda.

Kila mtu anapoisimulia hadithi hii anamsifu kwa ujasiri, nami namsifu. Lakini mimi hubaki nikifikiria zile sekunde za kutembea. Magari 44 yameshanguruma, vumbi limetanda, na wewe unaangalia kifungo cha mkanda. Wale wa Wine walitembea hivyo miaka 25.

Nisiwadanganye kwamba mkalimani hakosei. Kuna jambo linaloitwa sheda. Ni programu ndogo ndogo zinazoiambia chipu jinsi ya kupaka rangi kila kitu: lami iliyolowa, moshi wa tairi, taa ya breki. Kila sheda inabidi igeuzwe kuwa maagizo ya chipu yako kabla ya kutumika. Ikigeuzwa katikati ya gemu, fremu inasubiri, na picha inakwama. Na inakwama lini? Pale unapokiona kitu kwa mara ya kwanza! Nilikuwa usiku kwenye Mulsanne, ule mnyoofu mrefu wa Le Mans, mbele yangu gari likakanyaga breki, taa nyekundu zikawaka, cheche zikaruka chini ya sakafu yake. Vitu vitatu vipya kwa mpigo. Picha ikaganda kwa muda wa kupepesa jicho. Iliporudi, mimi nilikuwa ukutani, na lile gari limeshapinda kona likaenda zake.

Dawa yake ilinifurahisha kuliko ugonjwa ulivyoniudhi. Kwa kuwa mashine hizi zina chipu ya aina moja, sheda iliyogeuzwa kwenye mashine ya mtu mwingine inakufaa na wewe. Kwa hiyo zinakusanywa, na wewe unazishusha kabla hujaanza kucheza. Mtu usiyemjua amekwishagonga ukuta ule kwa niaba yako. Timu za mbio hufanya jambo la jirani: kabla ya Le Mans gari hukimbizwa majaribio ya saa 24 na zaidi, ili kivunjike kinachotaka kuvunjika wakati hakuna anayehesabu.

Nimetaja boneti, na sijaifungua bado. Tuifungue.

Audi R8 ya mbio ilishinda Le Mans mara tano kati ya 2000 na 2005. Ilikuwa na kasi, sawa. Lakini kilichowatia wapinzani wasiwasi ni sehemu yake ya nyuma. Mafundi waliitengeneza ili gia na viungo vyote vya nyuma vitoke kama kipande kimoja na kingine kiingie, dakika chache tu, gari linarudi barabarani. Mwingine gia ikimfia, amekwisha. Hawa gia ikiwafia, wanaibadilisha kama mtu anayebadili shati.

SteamOS, mfumo endeshi wa Steam Deck, imejengwa juu ya Arch Linux, na ina shati la pili pia. Mfumo wenyewe umewekwa nakala mbili. Sasisho linaandikwa kwenye nakala ambayo hujaivaa. Likiharibika, unarudi kwenye ile ya zamani. Na kama mashine yako si ya Valve, watu wamekutengenezea Bazzite, mfumo wa namna hiyo uliojengwa juu ya Fedora, Linux nyingine, inayoingia kwenye mashine nyingi za kiganjani. Tangu Mei 2025 hata Lenovo wanauza Legion Go S ikiwa na SteamOS tangu kiwandani. Hayo nawapa kama taarifa tu. Boneti yenyewe ni hii ninayowasimulia sasa.

Nina gemu moja ya zamani ya magari. Siku moja niliiwasha, menyu ikafunguka, vitufe vyote vipo, maandishi hakuna. Vitufe vitupu! Nikawa nabonyeza kwa kubahatisha, nikajikuta nimenunua gari nisilolitaka ndani ya gemu. Kwenye mfumo uliofungwa ningefanya nini? Ningefuta, ningeweka upya, ningeomba. Hapa niliiambia Proton iandike kumbukumbu ya kila inachokifanya, nikaisoma. Maelfu ya mistari. Nikatafuta neno moja la kukosekana, nikalikuta: gemu iliomba faili ya fonti ambayo haikuwepo. Iliomba kwa adabu, mara kadhaa, hakuna aliyeijibu. Nikaweka fonti zile kwenye folda ya gemu, nikaiwasha, maandishi yakarudi. Nilipokwenda kwenye ProtonDB, pale wachezaji wanapoandika ripoti za gemu gani inachezeka na kwa namna gani, nikakuta mtu alishaieleza dawa hiyo hiyo kwa mstari mmoja. Ningeanza huko ningeokoa jioni nzima. Lakini sijutii ile jioni.

Na palipofungwa? Panauma. Nilikuwa na gemu nyingine ya mbio, jina nalihifadhi, niliyoicheza kwa miezi bila shida yoyote. Asubuhi moja likaja sasisho lenye ulinzi mpya wa kuzuia wadanganyifu. Tangu siku hiyo gemu inafunguka, dirisha jeusi, inafunga. Ulinzi wa namna ile unataka kukaa kwenye kiini cha Windows, na mimi kiini changu ni cha Linux. Naelewa kwa nini wameuweka. Mdanganyifu mmoja anaharibu mbio za watu 40. Lakini walinzi wawili wanaotumika sana, Easy Anti-Cheat na BattlEye, tangu 2021 wanaweza kufanya kazi kupitia Proton, ila mtengenezaji wa gemu lazima aruhusu. Mlango upo. Ufunguo uko mfukoni mwa mtu, na mtu huyo hajibu barua.

Kwa nini nisimalizie na gemu ambazo hazina mlango kabisa? Mwaka 1997 ilianza TORCS, gemu ya magari ya msimbo huria. Mwaka 2008 ikazaa tawi linaloitwa sasa Speed Dreams. Kwa sura, hazitawashangaza. Lakini TORCS ina jambo ambalo hakuna gemu ya gharama iliyonipa: unaweza kumwandika dereva. Humwendeshi, unamwandika, kwa msimbo, kisha unakaa pembeni kumtazama akikimbia. Watafiti waliitumia kwa miaka kushindanisha madereva wa namna hiyo.

Nikamwandika wangu. Somo la kwanza ni rahisi: geuza usukani kulingana na pembe kati ya gari na barabara, kisha rekebisha kulingana na umbali wako kutoka katikati. Mistari michache. Akaendesha! Akaendesha katikati ya barabara kama mtu aliyebeba mayai. Nikamwongezea kasi, na breki: nikamfundisha ahesabu umbali anaouhitaji kusimama. Kona ya kwanza, ukutani. Nikarudia. Ukutani. Mara 17, ukutani, mahali pale pale. Nikagundua namba moja ya mshiko wa tairi nimeiandika kubwa mno. Dereva wangu aliamini ana matairi kuliko aliyokuwa nayo. Nikaipunguza, akapita kona. Niliruka kwenye kiti. Sijawahi kushangilia hivyo kwa kona niliyoipita mwenyewe.

Muda wangu unakwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Basi turudi kwenye meza ile.

Mashine sita, zote sawa, betri ya wati-saa 40. Jana usiku nilizikausha zote hadi asilimia 15. Gemu ni moja, Le Mans, usiku, na mvua itanyesha. Sheda zimeshashushwa, kwa hiyo hakuna wa kusingizia. Vitufe vinne vya mgongoni nimevipanga kuwa gia, kupanda mkono wa kulia, kushuka wa kushoto, kama vile vikanyagio vya vidole nyuma ya usukani wa gari halisi. Mbio ni za dakika 24. Wati, fremu, vivuli, mwanga wa skrini, kila mtu atapanga mwenyewe. Atakayekuwa mbele dakika ya 24, skrini yake ikiwa bado inawaka, ndiye mshindi. Skrini ikizimika huhesabiwi, hata uwe umeongoza dakika 23. Mwulizeni Nakajima.

Hesabu nawapa bure. Asilimia 15 ya 40 ni wati-saa 6. Ukiziachia wati 24, dakika ya 15 umezimika. Ili ufike, mashine nzima, chipu, skrini, feni na spika, isizidi wastani wa wati 15. Mnaweza kuanza juu mkamalizia chini, au kinyume chake. Na asilimia za betri huko chini huwa zinadanganya kidogo, hilo nalo ni lenu.

Kitufe cha nukta tatu kiko kulia. Sita wa kwanza, njooni. Nyinyi wa kule kwenye soketi mnaruhusiwa pia, ila chaja zibaki huko huko.